Kamba ya Mafundo Kutoka Madunguni

Mngeta, Kilombero
Julai, 1996

Dada yangu mpendwa Naelijwa,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni, kwa hiyo nangoja kidogo uitikie ndipo niendelee. Haya. Mimi ni mzima. Ile homa ya mwezi wa tatu imeniacha, na mbu wa huku nadhani sasa wamenichoka. Ninyi je, huko Upare? Mguu wa mama unaendeleaje na baridi hii? Tangawizi mmeshaitoa au bado iko ardhini? Na wewe mwenyewe, kifua kimepona kweli, au unajifanya kimepona ili watu wasikukataze kubeba kuni?

Barua yako ya Pasaka niliipata wiki tatu zilizopita, imekunjwakunjwa na ina alama ya chai, sijui ilipitia mikononi mwa nani. Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli huku tunakula wali kila siku. Ni kweli, dada, mpaka naota ndizi za mama. La pili uliuliza kama bado nawachapa watoto wa watu. Hilo halijibiki kwa neno moja, na ndilo lililonifanya ninunue daftari zima ili nikuandikie.

Neno moja kwanza. Usimpe shemeji akusomee. Ile barua ya Krismasi najua alikusomea yeye. Shemeji namheshimu, lakini akisoma anaruka. Ndiyo maana safari hii nimeandika kwa herufi kubwa na nimeacha mstari mmoja mmoja katikati. Soma mwenyewe, hata ikikuchukua siku tatu, kwa sababu sehemu kubwa ya barua hii inakuhusu wewe.

Mwaka huu nimepewa Darasa la Sita. Lina watoto arobaini na wawili, namba hiyo ishike kichwani. Mpaka mwezi wa tatu walikuwa wanakuja vizuri, ingawa kuja tu ndiko walikokuja. Nilikuwa naandika ubaoni, wao wanaandika daftarini, nikigeuka nakuta nusu wamelala na nusu nyingine wanaangalia dirishani. Nikiuliza swali, kimya. Nikimwita mtu kwa jina anasimama, anaangalia miguu yake, ananingoja nichoke. Nilisema moyoni kwamba watoto wa huku ni wazito. Nikakuandikia hata wewe hivyo, unakumbuka? Naomba barua ile uitie motoni.

Sasa sikiliza mambo ya huku. Mpunga ukianza kutoa masuke, nusu ya kijiji inahamia mashambani. Kila mwenye shamba anajenga dungu, kibanda kidogo juu ya nguzo ndefu, ili mtu akikaa juu aone shamba lote. Huko juu kunakuwa na kombeo, rundo la vidonge vya udongo, na kamba ndefu zilizofungwa makopo zinazokwenda kila upande wa shamba. Kazi hiyo wanaiita kuamia ndege. Kweleakwelea wakishuka kwenye shamba lisilo na mtu, mwenye shamba anabaki na majani. Sisi kule milimani tulikuwa na tumbili, lakini tumbili unaweza kuwahesabu. Hawa wakipita juu yako jua linapungua. Na anayekaa kwenye dungu kutwa nzima, kuanzia alfajiri mpaka giza, mara nyingi ni mtoto wa shule.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne niliita mahudhurio, wakaitika kumi na watatu.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Ni mtu wa upande wa Mahenge, mzee wa kanisa, anapenda utani kuliko chakula. Akaniambia, "Mwalimu Eliamini, wewe si mtu wa milima? Miguu unayo. Chukua fimbo uwafuate huko huko." Nikaichukua, dada. Nakiri mbele yako kwamba niliichukua bila kusita, na njiani nilikuwa nimeshapanga nani aanze.

Lakini bonde hili halimpokei mtu wa milima kwa heshima. Njia ikaisha, nikaingia kwenye maji. Nikavua viatu. Nikateleza, nikaanguka na fimbo yangu, suruali ikawa tope mpaka kiunoni. Nikiwa hapo nikasikia sauti kutoka juu, "Shikamoo, Mwalimu!"

Alikuwa Yustina. Ana miaka kumi na mitatu, mwembamba, mmoja wa wale waliokuwa wanaangalia miguu yao nikiwaita. Darasani sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "ndiyo, Mwalimu." Sasa amesimama juu ya dungu anazungusha kombeo, ananiambia, "Samahani, siwezi kushuka, wanakuja." Akaachia. Kundi zima likainuka kutoka kwenye mpunga, likageuka, likaenda kwa jirani. Akavuta kamba ya kulia, makopo yakalia. Halafu akakaa, akachukua kamba nyingine nyembamba iliyokuwa imening'inia kwenye nguzo, akafunga fundo.

Nikapanda ngazi, na tope langu. Nikamuuliza, "Hiyo ni nini?"

"Ratiba, Mwalimu."

"Ratiba ya nini?"

"Kengele inasikika mpaka huku." Kengele yetu ni kipande cha chuma cha reli tunachokigonga kwa jiwe, ni kweli kinasikika mbali. "Ikigongwa nafunga fundo kubwa. Kundi la ndege likija nafunga dogo. Hapa mliingia darasani. Hiki ni kipindi cha Hesabu. Hapa mlitoka mapumziko. Leo si Jumanne? Baada ya mapumziko mlikuwa na Jiografia."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa na Jiografia, mimi na watoto kumi na watatu waliosinzia, na huyu wa kumi na nne alikuwa ananifuata kwa kamba juu ya nguzo, maji chini yake, bila mtu kumlazimisha. Nikaishika ile kamba, yenye mafundo ya leo na ya siku zilizotangulia, nikaivuta mikononi taratibu, fundo kwa fundo. Kila siku, asubuhi mafundo yalikuwa yamebanana. Kuanzia mapumziko mpaka karibu saa nane yalikuwa machache kabisa. Kisha yakabanana tena mpaka jioni.

"Saa za katikati wanalala," Yustina akasema. "Jua likiwa kali wanakwenda kwenye matete. Mimi nakaa tu."

Hapo ndipo nilipokukumbuka, dada. Naomba unisubiri, nitalirudia hilo.

Baba yake alitukuta hapo. Watu wote wanamwita Baba Yustina, ni mrefu, mpole wa sauti, lakini akishasema amesema. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akatazama fimbo yangu chini ya dungu, akasema, "Mwalimu, huyu usimsumbukie. Tukishavuna anakwenda Masagati kwa bibi yake. Bibi amebaki peke yake. Kaka yake ndiye atabaki na shule. Wote wawili siwezi kuwasomesha."

Masagati, dada, ni huko mbele ya Mlimba, mbali hasa. Mtoto akipelekwa huko jina lake nalikata kwa wino mwekundu, basi. Nikamtazama Yustina. Alikuwa anafungua fundo ambalo halikuwa na kosa lolote, analifunga upya.

Nilirudi kwa Mwalimu Mkuu na tope langu lote. Nikamwambia watoto wale hawatarudi kwa fimbo mpaka mpunga uvunwe, na watakaporudi nusu ya mwaka imekwisha. Nikamwomba aniruhusu kazi yenyewe ya shamba niifanye somo, na zile saa za katikati, ndege wakiwa kwenye matete, Darasa la Sita tukutane huko huko.

"Na mkaguzi akija? Nimwambie Darasa la Sita liko juu ya miti?"

"Mwambie liko kwenye Hesabu, Mwalimu."

Akacheka mpaka akashika meza. Kuanzia siku hiyo ananiita Mwalimu wa Madunguni, na mpishi wa shule naye ananiita hivyo hivyo. Lakini aliniruhusu, na nitamheshimu kwa hilo mpaka nizeeke.

Siku ya kwanza walikuja thelathini na mmoja, wamekaa kwenye tuta kati ya mashamba. Niliwauliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mwanafunzi tangu nianze kazi. Niliwauliza, ninyi mnataka kujua nini? Kimya kile kile. Nikasema moyoni, haya, umeyataka mwenyewe. Kisha Masunga akanyoosha mkono. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe, na tangu Januari nilikuwa sijasikia sauti yake. Akasema, "Mwalimu, nataka kujua tutapata gunia ngapi kabla hatujavuna. Baba kila mwaka anasema nyingi, halafu zinakuwa chache, halafu anakasirika."

Dada, walipiga kelele wote! Na kwetu! Na kwetu ni hivyo hivyo! Nusu saa nzima walibishana namna ya kujua jambo hilo, na mimi sikuwa na la kufanya ila kukaa chini. Ndipo nikawaeleza habari za kamba yako.

Unaikumbuka? Kamba ya katani, fundo kila hatua moja ya mguu wako, uliyokuwa unapandia mahindi ili mistari inyooke. Jioni ulikuwa unaitandaza uani unanifanya nitengeneze vyumba. Mafundo matatu huku, manne huku, vyumba vingapi? Mimi nilikuwa Darasa la Pili, nalia kwa sababu ya kuzidisha, na wewe uliyekuwa umetolewa shule ndiye uliyenifundisha kuzidisha kwa kamba. Basi tukasokota kamba kama ile. Fimbo niliyokwenda nayo nikaikata vipande vinne, vikawa vigingi. Tunachomeka vigingi, tunazungusha kamba, tunapata chumba kimoja cha mpunga. Tunakata masuke ya chumba hicho tu, tunayaanika, tunapura, tunapima kwa kopo tupu la maziwa ya unga. Tukishapima vyumba kadhaa tunajua kimoja kinatoa kiasi gani, kisha tunahesabu shamba lote lina vyumba vingapi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ndilo hilo. Fimbo ninayo bado, ila sasa iko vipande vinne na inakaa ardhini.

Natamani ungewaona. Waliokuwa wanasinzia ndio waliokuwa wananifuata nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kuuliza leo tutapima kwa nani. Waligombania kopo. Waliandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji kwa kuwa daftari zilikuwa zinalowa. Siku moja niliwakuta wawili wamekunjana mashati, nikadhani wametukanana, kumbe wanagombana juu ya kugawanya kwa tano. Nikawaacha kidogo, nilikuwa na furaha mno hata sikutaka kuwaamulia.

Shamba la kwanza lilikuwa la Baba Yustina, na hapo nilifanya kosa la mtu wa milima. Nilichagua vyumba vitano vya kupima, vyote pembeni mwa tuta, na hesabu ikatoa gunia tisa. Yustina alikuwa anajikuna shingo. Nikamwambia sema. Akasema taratibu, kwa adabu, "Mwalimu, umechagua mahali ambapo huloani."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikaona aibu kwa sababu ni kweli. Mpunga wa pembeni ni mwembamba, maji yanaukimbia mapema. Ulio mzito uko chini, kwenye maji ya magotini, ambako sikutaka kwenda. Wakanivua viatu wenyewe. Tukaingia, tukapima upya, juu vyumba viwili, kati viwili, chini vitatu. Safari hii ikatoka gunia kumi na nne.

Yustina mwenyewe alimpelekea baba yake habari. Mzee alicheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu anayeambiwa na mtoto kwamba kesho mvua itanyesha saa tisa na dakika tano. Akanifuata shuleni. "Mwalimu, mimi nalima shamba lile tangu sijaoa, na sijui nitapata ngapi. Huyu anajua?"

Sijui ujasiri niliutoa wapi, nikamwambia, "Mzee, zikitoka kumi na nne, usimpeleke Masagati."

Watu walikuwa wanasikiliza. Akasema, "Zikitoka kumi na nne hatakwenda. Na wakati wa ndege saa hizo za katikati nitakaa mimi juu ya dungu, yeye aje kwako. Lakini zisipotoka, Mwalimu, usije tena nyumbani kwangu na habari za shule ya huyu."

Nikakubali. Usiku sikulala, si usiku mmoja. Nilikuwa nimeweka shule ya mtoto wa mtu kwenye kamba na kopo la maziwa.

Mavuno yalikuja mwezi wa sita. Siku ya kujaza magunia darasa zima lilikuwa pale, Mwalimu Mkuu naye akaja na kofia yake ya Jumapili. Walipura, wakapepeta, wakajaza. Gunia la huku ni debe sita. Watoto walikuwa wanahesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na moja. La kumi na mbili likajaa, likashonwa, na juu ya turubai hakukuwa na kitu ila makapi.

Baba Yustina akajifuta jasho. Hakufurahi, dada, nataka ulijue hilo, aliniangalia kwa huruma. "Kumi na mbili, Mwalimu. Mmejitahidi." Mtu mmoja nyuma akasema hesabu za shule hazishibishi. Mimi nilikuwa naangalia chini, naangalia miguu yangu, vile vile kama wao walivyokuwa wananifanyia. Nilikuwa natafuta mahali tulipokosea na sikupaona.

"Baba, bado." Ni Yustina. Alitoka katikati ya wenzake ameshika kamba nyingine, fupi, sikuwahi kuiona. "Hizo ni zilizoingia kwenye magunia. Sisi tulipima zilizokuwa shambani."

Hapa inabidi nikueleze. Huku mpunga haungoji gunia. Ukianza tu kukomaa watu wanakata mbichi, wanaukaanga na kuutwanga, wanakula pepeta, na jirani akipita anapewa. Wanaokuja kuvuna wanaondoka na debe. Ndugu wanakumbuka undugu wao wakati huo huo, na hakuna anayerudi mikono mitupu, kwa sababu kumrudisha mtu hivyo ni aibu kubwa. Hakuna anayehesabu mpunga huo. Kuuhesabu wenyewe ni kama uchoyo. Ndiyo maana kila baba wa bonde hili anaona nyingi shambani na chache nyumbani, kisha anakasirika.

Yustina alikuwa ameufungia mafundo, kila debe fundo moja. Akaanza kuyapitisha vidoleni. "Wavunaji wanne, debe nne. Kanisani, moja. Mbegu iko darini, moja. Pepeta, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, moja. Kwa bibi Masagati tulituma mbili. Shangazi wa Mkula, mbili."

"Mbili?" Mama yake akainua kichwa kutoka kwenye ungo. "Baba Yustina, si uliniambia moja?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee wa watu akawa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo. Yustina naye, mtoto yule, hakucheka. Alingoja kelele zipungue kama mwalimu wa zamani, akasema, "Jumla debe kumi na moja. Ukiongeza na magunia kumi na mbili ni kumi na nne, kasoro debe moja."

"Enhe," baba yake akasema, akishukuru kupata pa kushika. "Na hilo debe moja liko wapi?"

"Hilo walikula ndege, baba. Siku zile Mwalimu ananifundisha kupima."

Dada, nilicheka huku machozi yananitoka, mbele ya wanafunzi wangu, na sikujali. Mwalimu Mkuu alivua kofia akaipungia hewani. Baba Yustina akamsogelea binti yake. Kisha akachukua ile kamba fupi kutoka mkononi mwake, akaiviringa vizuri, akaitia mfuko wa shati. "Hii naiweka mimi," akasema. "Masagati nitakwenda mwenyewe, nikamchukue mama aje akae hapa." Basi, akaenda kuwasaidia kubeba magunia.

Usidhani kila kitu kilinyooka. Kwa kina Masunga tulikosa gunia tatu nzima, na hakukuwa na fundo lililoficha kitu. Viboko walikuwa wamekanyaga upande wa mtoni na hatukuwa tumekwenda kuutazama. Lakini Masunga mwenyewe ndiye aliyegundua, akaja kunieleza amefurahi utadhani tumepatia. Hicho ndicho kinachonishangaza zaidi ya zile kumi na nne. Zamani mtoto akikosa hesabu alikuwa anajificha. Hawa wakikosa wanataka kurudi shambani waone kwa nini.

Baba Yustina hakuishia kwake. Jumapili baada ya misa aliwakusanya wenzake, wakakubaliana kwamba msimu ujao, saa za katikati, mtu mzima mmoja ataangalia madungu matatu kwa zamu, watoto waje shule. Na jana, Jumatatu, niliita mahudhurio. Niliita jina la kwanza mpaka la mwisho. Hakuna jina lililobaki bila sauti. Nikafunga daftari, nikatoka nje kidogo nikasimama nyuma ya darasa, kwa sababu sikutaka wanione vile nilivyokuwa.

Sasa narudi pale niliposema unisubiri.

Baba alipofariki wewe ulikuwa Darasa la Nne, wa kwanza darasani. Tumbili walikuwa wanamaliza mahindi, na mama akasema mmoja abaki. Hakukuwa na mjadala. Nilikuwa mimi mwanamume. Asubuhi ile nilipita na daftari langu chini ya lile jiwe ulilokalia kufukuza tumbili, ukanipungia mkono, nami nikakupungia, nikaenda. Miaka kumi na tisa nimekwenda hivyo hivyo bila kugeuka. Sikukuambia asante, na mbaya zaidi, sikuwahi kukuuliza juu ya jiwe lile ulikuwa unawaza nini. Sasa nadhani najua. Nadhani na wewe ulikuwa unasikia kengele.

Watoto waliniuliza hesabu za kamba nilifundishwa chuo gani. Niliwaambia, mwalimu wangu wa kwanza wa Hesabu ni dada yangu, yuko Upare, aliacha shule Darasa la Nne, na cheti hana. Yustina akauliza, "Anaitwa Mwalimu nani?" Nikamwambia Mwalimu Naelijwa. Wanakuita hivyo sasa. Wakikosa hesabu wanasema, hii Mwalimu Naelijwa hawezi kuikubali. Najivunia watoto hawa mpaka naona haya, lakini wewe ndiye ninayejivunia kwanza, na nilipaswa kukuambia zamani.

Nisalimie mama, mwambie apake mguu ile dawa na asiwagawie majirani yote. Baba mdogo mwambie nimekubali sasa kwamba kilimo ni elimu, alikuwa anasema kweli tukimcheka. Shemeji msalimie sana, na mfiche aya ile inayomhusu. Wapwa zangu wawili waambie mjomba anakuja Desemba na mchele wa Mngeta, na anataka kukuta yule binti yako mkubwa bado yuko shule. Hilo si salamu, dada, ni ombi.

Narudia shikamoo, na naomba uniwie radhi kwa muda wote niliokawia.

Mdogo wako uliyemfundisha kuzidisha,
Eliamini

Ndani ya bahasha kuna kipande cha kamba. Jana waliomba kila mmoja afunge fundo lake, kuonyesha kwamba alikuwepo. Hesabu polepole, wewe mwenyewe. Ukikuta mafundo arobaini na matatu usidhani tumekosea. La mwisho, lile kubwa, alilifunga Yustina baada ya wote kumaliza, akasema ni la mtu aliyekuwa juu ya jiwe.